Maneno ya Oleta kutoka Columbus

Columbus, Ohio
5 Oktoba 1958

Dada Drema,

Nakusalimu wewe na Mama, na yeyote aliyeketi hapo jikoni wakati unasoma. Mimi mzima, ila mafua yamenishika tangu mvua za juma lililopita, na bibi mwenye nyumba amekubali kuwasha joto jana tu, tena kwa kununa. Mwambie Mama blanketi lake la viraka ndilo linaloniokoa. Macho yake yanaendeleaje? Yale matone ya daktari anayatia, au ameyaficha nyuma ya kopo la unga kama mwaka jana? Na ng'ombe ameshazaa?

Sasa jambo lenyewe. Nimejiandikisha katika darasa la jioni, kila Jumanne, la kujifunza Kiingereza cha juu. Msamiati. Najua unacheka. Hata mimi nilicheka nilipoona tangazo, maana ni nani aliyezaliwa na lugha halafu akaenda kuisomea? Lakini sikiliza kilichonipata Agosti, ambacho sikukuandikia wakati ule.

Bosi aliniita mbele ya wageni wawili nisome kwa sauti barua niliyokuwa nimeipiga chapa. Niliipiga bila kosa hata moja, Drema. Ila kuisoma ni jambo jingine. Neno moja nililitamka kama tunavyotamka huko kwetu, na jingine, aliponiuliza nadhani lina maana gani, sikujua. Wakacheka. Mgeni mmoja akaniuliza kama watu wa West Virginia siku hizi wanavaa viatu. Bosi naye akacheka, na bosi wangu si mtu mbaya.

Kuna kiwanda cha kuchapa vitabu mtaa wa pili. Masika ijayo watatafuta msomaji wa prufu, yule anayepitia kurasa kabla hazijachapwa. Kuna mtihani, na mtihani wenyewe ni maneno. Naitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Mwalimu wetu ni Bi Abendroth, mjane mwenye sauti kama ya kasisi. Kila juma anatupa maneno mapya, na sharti lake ni kwamba kila neno tulitumie kwa mtu halisi, katika habari ya kweli, kabla ya Jumanne inayofuata. Hapa sina mtu. Wapangaji wenzangu wanasalimiana kwa kuinua kidevu. Basi nitayatumia kwenu. Naanza: baridi ya hapa ni shadidi. Bibi mwenye nyumba ana ghururi, yaani anajiona bora kuliko alivyo. Na ninyi nawaomba mnistahamilie.

Mdogo wako,
Oleta


Bonde la Laurel, West Virginia
19 Oktoba 1958

Mdogo wangu Oleta,

Barua imefika Jumatano, nasi tu wazima. Ng'ombe kazaa dume, bahati yetu hiyo. Mama matone anatia nikimsimamia, nikigeuka anapangusa. Jicho la kushoto sasa anaona mwanga tu. La kulia anaona sura, ila maandishi yamemshinda kabisa, kwa hiyo kila unachokiandika kinapita mdomoni mwangu. Ukumbuke hilo.

Juu ya darasa lako, Mama hana neno. Mimi ninalo, ila silo la juu. Tangu lini mtu akalipia lugha aliyoinyonya? Wageni wakikuuliza juu ya viatu, ungewaonyesha vyako vilivyo miguuni na kuwauliza wao kama wanajua kuchinja nguruwe. Lakini wewe toka utotoni ukichekwa unanyamaza, halafu unaenda kujenga kitu kikubwa cha kumwonyesha aliyekucheka.

Nilimsomea Mama barua yako baada ya kanisa. Nilipofika kwenye ghururi niliikwaa, nikarudia. Mama akasema, "Hebu tena." Nikasema tena. Tangu siku hiyo jogoo wetu anaitwa mwenye ghururi, na mke wa mchungaji pia, ingawa yeye hajaambiwa.

Tulikuwa na mgeni. Kuna mwalimu mpya shuleni, Bwana Estill Varney, atokaye upande wa Kentucky. Amepanga chumba kwa Bi Lakie Blankenship wa posta, na Bi Lakie unajua anavyopika. Mama akamwonea huruma akamwalika Jumapili. Akala maharage sahani mbili na mkate wa mahindi, na nilipoisoma tena barua yako akaweka uma chini. Akasema neno ulilitumia mahali pake hasa. Akauliza una umri gani. Mama akamwambia.

Ni mtu mtaratibu. Alikata kuni bila kuombwa.

Dada yako,
Drema


Columbus
9 Novemba 1958

Dada mpendwa,

Nashukuru kwa barua na kwa tufaha za kukausha. Nimezila zote kitandani, nimekaa ukingoni, maana ndipo ninapolia chakula siku hizi; meza imejaa vitabu. Mama asimwite mke wa mchungaji hivyo mbele za watu, ingawa, nakiri, neno limempata.

Sikujua kwamba maneno yana ukoo. Bi Abendroth hukata neno moja vipande viwili, anatuonyesha hiki kimetoka kwa Warumi, hiki kwa Wagiriki, halafu anatutajia binamu zake waliotawanyika kila mahali. Ukimjua babu mmoja unawatambua wajukuu wote njiani. Darasani kuna fundi wa lifti, kuna mke wa daktari wa meno, kuna mimi. Juzi mke wa daktari alisema "Wewe, Muncy, una kichwa", nami nikatembea hadi nyumbani bila kupanda basi.

Neno la juma hili ni adhimu, yaani kitu kikubwa chenye heshima. Mkate wa Drema ni adhimu. Neno jingine ni kumaizi, kutambua jambo kwa akili kabla hujaambiwa. Je, nimemaizi vizuri kwamba huyo Bwana Varney anakula kwenu kila Jumapili sasa? Barua yako ilisema sahani mbili. Ya Mama, aliyoandikiwa na Bi Lakie, ilisema tatu. Yukoje? Mrefu? Ana meno yake mwenyewe?

Krismasi sina hakika. Nitajaribu.

Oleta


Bonde la Laurel
7 Desemba 1958

Oleta,

Theluji imefunga njia ya juu, barua zinakuja lori la makaa likipata nafasi. Mama alikohoa juma zima, sasa nafuu. Nguruwe tumechinja. Bwana Varney alikuja kusaidia, akazimia kidogo alipoona damu, tukamkalisha ndani na kahawa. Ndiyo, anakuja kila Jumapili. Ndiyo, meno ni yake. Nimemshonea upya bitana ya koti lake kwa sababu lilikuwa linamwagika pamba kama kondoo mgonjwa. Usiniulize zaidi.

Lakini nataka nikueleze jikoni kwetu sasa pakoje. Bi Lakie akiona barua ya Columbus posta, anamwambia kila mtu. Jumapili wanakuja wanne, watano, wanakaa na vikombe vyao kusikiliza "maneno ya Oleta". Mimi nasimama karibu na taa nasoma. Ninaposoma mahali ulipoandika neno la juu, wote wanaguna na kutikisa kichwa, na Bwana Varney anawaeleza. Kisha Mama anasema, "Mtoto wangu huyo." Mimi niliyesimama hapo na barua mkononi, Mama hajaniuliza mimi nina habari gani.

Na jambo jingine. Maneno yako matatu ya juma, manne ya juma, naona sasa yanatangulia, habari inafuata nyuma. Mkate wangu ukauita adhimu. Ulitaka kuusifu mkate, au ulitaka mahali pa kulitua lile neno kabla ya Jumanne?

Unakumbuka mashindano ya tahajia ya kaunti? Hukumbuki, ulikuwa na miaka mitano. Niliwashinda watoto wa shule zote za mtoni. Mwalimu alimwambia Baba kwamba niendelee. Kisha mgodi ukamfukia Baba, Mama akalala kitandani hadi masika, na mtu alitakiwa nyumbani kukulisha wewe. Simlaumu mtu. Nakwambia tu kwamba maneno hayakuanza kwako katika nyumba hii.

Bwana Varney ameomba anwani yako. Anasema ana orodha ya maneno ya kukusaidia kwa mtihani. Nimempa.

Drema


Columbus
18 Januari 1959

Dada Drema,

Nisamehe kwa kuchelewa, na kwa Krismasi. Basi halikutoka, na kazini tulifunga mahesabu ya mwaka. Nilikula chakula cha Krismasi na Bi Abendroth na paka wake. Nashukuru kwa soksi. Mwambie Mama nimevaa zote mbili kwa wakati mmoja, jozi juu ya jozi.

Barua yako ya Desemba niliisoma mara nyingi. Ulikuwa unasema kweli juu ya mkate. Lakini mkate nao ulikuwa mzuri, Drema. Vyote viwili.

Mashindano ya tahajia sikuyajua. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Juma hili Bi Abendroth alitufundisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Alisema wivu ni hofu ya kunyang'anywa kilicho chako, na husuda ni uchungu wa kuona kilicho cha mwenzako. Fundi wa lifti akauliza, je, mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa mtu mmoja? Bi Abendroth akasema ndiyo, hasa katika familia. Darasa likacheka. Mimi niliandika.

Unayo jiko lililojaa watu. Mimi nina kitanda na taa. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Mtihani ni Aprili. Mambo mengine ni yale yale, hakuna jipya.

Oleta


Bonde la Laurel
15 Februari 1959

Oleta,

Mama mzima. Ng'ombe mzima. Njia imefunguka.

Umeandika kwamba hakuna jipya. Bi Lakie anagonga mihuri ya posta, na macho yake hayana kasoro. Aliniambia mbele ya duka, akidhani najua: barua za Bwana Varney kwenda Columbus kila Ijumaa, na zako kwake zikirudi, bahasha nene, anwani imeandikwa kwa mwandiko wako wa madaha. "Naona nyumba yenu itapata harusi," akasema. Nilikuwa na mfuko wa chumvi mkononi. Niliulipia nikaondoka.

Orodha ya maneno haiwi nene hivyo.

Jumapili alikuja kama kawaida, akala, akakaa karibu na jiko na koti lake lenye bitana yangu. Akamwomba Mama nisome barua yako ya Januari kwa mara ya pili. Nikaisoma. Nilipofika penye wivu na husuda akawaeleza wote tofauti yake, polepole, kama darasani. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka alipo.

Kama mwalimu wako bado anatafuta mfano wa kweli kutoka kwa mtu halisi, mpe huu.

Usiniandikie. Mwandikie Mama, Bi Lakie atamsomea.

D.


Columbus
1 Machi 1959

Drema,

Tafadhali. Sivyo unavyodhani, au angalau si yote. Niandikie hata mstari mmoja nijue kwamba utasoma nikieleza.

Oleta


Columbus
22 Machi 1959

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Hukujibu. Bi Lakie ameniandikia kwa niaba ya Mama kwamba wote ni wazima na kwamba wewe "una shughuli". Basi nitaeleza bila kuombwa, na barua hii haina neno hata moja la Jumanne, isipokuwa moja, nalo nimelihitaji.

Aliniandikia Desemba. Ile orodha kweli ilikuwepo, ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili aliniuliza habari za maisha yangu. Nikamjibu. Sikukwambia kwa sababu nilipenda kupata bahasha ambayo haikuwa ya nyumbani wala ya bili. Hicho ndicho nilichoficha. Nilidhani ni changu peke yangu. Hukuniambia kwamba unampenda, Drema. Uliniambia alikata kuni.

Nikimjibu, barua yangu inarudi ndani ya barua yake, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Koma hapa, neno hili si mahali pake, sentensi hii ni ndefu. Mwanzoni nilishukuru. Kisha nikamwandikia juu ya siku ile ya wageni na viatu, jambo ambalo nimewaambia ninyi tu, na nalo likarudi jekundu. Alikuwa ameandika pembeni: "Hisia zimezidi."

Mwisho wa Januari akaniomba nimuoe, au anioe, aliliandika kwa namna ya kuzunguka. Niache Columbus, niache mtihani ambao, asema, ni wa kujionyesha, nirudi bondeni tuwe watu wawili wanaoelewana kwa maneno. Aliandika pia jambo juu yako ili kuniridhisha kwamba hakuna kizuizi upande huo. Sitalirudia hapa, na ukiniuliza sitalisema.

Nilimjibu kwamba haiwezekani. Nilitafuta neno lenyewe na nikalipata: ni muhali. Niliandika, "Kunioa mimi ni muhali, Bwana Varney, na ungelijua hilo kama ungeisoma barua yangu badala ya kuisahihisha." Hiyo haijarudi.

Nilimkataa kabla barua yako ya Februari haijafika. Nataka ujue hivyo. Lakini sikumkataa kwa ajili yako, kwa kuwa sikujua. Nilimkataa kwa ajili yangu. Kama ningejua, sijui ningefanya nini, na ndiyo maana imenichukua majuma kuandika haya.

Unaona uchungu kwa kilicho changu. Nami nimeuona kwa kilicho chako tangu nilipopanda basi la kuja huku. Mama akiamka asubuhi anaita jina lako. Watu wakija, wanakuja kwenye mlango wako. Mimi nikifa chumbani humu, atakayegundua ni bibi mwenye nyumba siku ya kodi.

Mtihani ni tarehe kumi na moja.

Oleta


Bonde la Laurel
26 Aprili 1959

Oleta,

Nakusalimu. Mama anakusalimu. Mvua zimekuwa nyingi, vitunguu vya msituni vimeota hadi kwenye njia ya kanisa, nyumba nzima inanuka. Jicho la kulia la Mama halijabadilika, na daktari anasema kutobadilika ni habari njema.

Sikuandika mapema kwa sababu sikutaka. Barua yako ilikaa mfukoni mwa aproni yangu tangu kabla ya Pasaka. Niliisoma peke yangu, kitu ambacho sijawahi kufanya. Barua zako zote zimefunguliwa mbele ya Mama. Safari hii nilimwambia haijafika.

Bwana Varney hakukatiza hata Jumapili moja. Nilikuwa najiambia mtu aliyekataliwa atakaa kando hata kidogo. Lakini alikuja, akafuta viatu, akala. Aliniambia mkate umeiva vizuri. Nami, na hili nakuandikia kwa shida, nilianza tena kuhesabu kama amenitazama. Nilijua alichokuandikia, na bado nikaenda kubadili gauni.

Jumapili ya juzi mvua iliwazuia wengine, tukawa watatu. Alimaliza sahani ya kwanza akauliza, "Leo hakuna kitu kutoka Columbus?" Aliuliza kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote. Kitu fulani kikanipanda. Nikasema, "Kipo." Nikaitoa barua mfukoni nikasimama penye dirisha, nikaisoma yote. Sikuruka kitu, Oleta. Wino mwekundu, hisia zimezidi, kuzunguka kwake katika kuomba ndoa. Nilisoma hata mahali ulipoandika kwamba nampenda. Hapo nikanywa maji, nikaendelea.

Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilipomaliza, nikaikunja barua. Nilidhani ataomba radhi, au atasema ni uongo. Unajua alisema nini? Alijisafisha koo akasema, "Lile neno muhali, nafikiri hakulitumia sawasawa. Ni zito mno kwa jambo kama hili."

Mama akageuza uso upande wa sauti yake. "Lipi hilo?"

"Muhali, Bi Muncy."

"Mbona mimi nimelielewa," Mama akasema.

Bwana Varney akachukua kofia akatoka. Mkate aliuacha nusu. Mama akaupapasa mezani, akaula yeye.

Baadaye Mama akaniita nikae. Akaniuliza barua ilikuwa imefika lini. Nikamwambia. Akasema, "Nilijua. Aproni yako ilikuwa inalia kama karatasi kila ukiinama." Kisha akauliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza tangu Baba afe. Aliniuliza, "Wewe ulitaka nini, Drema?" Hakumaanisha yule mwanamume. Nililia hadi maharage ya jioni yakaungua.

Sijakusamehe kwa ile "hakuna jipya". Ungeweza kuandika "kuna jipya, ila sitaki kukwambia", ningekasirika lakini ningejua tuko wapi. Na wewe usiseme sikukwambia. Hukuuliza. Uliuliza juu ya meno.

Alichoandika juu yangu, kiache. Nadhani nakijua. Nilikaa naye miezi saba jikoni.

Umefanya mtihani? Mama anataka kujua, nami pia.

Drema


Columbus
17 Mei 1959

Dada Drema,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi na koti likiwa bado mwilini. Sikuweza kupanda hadi chumbani. Bibi mwenye nyumba alipita akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, dada yangu ameniandikia.

Una haki juu ya "hakuna jipya". Sitajitetea.

Nimepata kazi. Walituita watu kumi na wawili wakachukua wawili. Naanza Juni, katikati ya mwezi. Kabla ya hapo nina juma zima la mapumziko, na nimeshakata tiketi ya basi. Ikiwa hutaki nije, sema, nitairudisha bila kinyongo. Au kwa kinyongo, lakini nitairudisha.

Mama alipokuuliza ulitaka nini, ulimjibu?

Oleta


Bonde la Laurel
31 Mei 1959

Mdogo wangu Oleta,

Sisi wazima. Bwana Varney amemaliza muhula na amekwenda kwao. Bi Lakie anasema hatarudi, na anatafuta mpangaji asiyekula sana. Nilimkuta njiani siku anaondoka, na sanduku lake. Akanivulia kofia. Nilitaka nisihisi kitu. Nilihisi.

Barua yako nilimsomea Mama mara moja, siku ile ile, imefunguliwa mbele yake. Alipiga makofi. Akataka niisome tena ile sehemu ya watu kumi na wawili, halafu akamtuma kila aliyepita barabarani akaitangaze. Mimi niliingia jikoni nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Nilikuwa na uchungu kifuani kama mtu aliyemeza kipande cha mkate bila kutafuna. Furaha ilikuja baadaye, nilipokuwa natundika kitambaa cha kufutia. Ilikuja lakini, na ilikuwa ya kweli. Nakuandikia mpangilio ulivyokuwa ili usidhani mimi ni bora kuliko nilivyo.

Uliuliza kama nilimjibu Mama. Nilimwambia nilitaka kumaliza shule. Nikajicheka, mwanamke wa miaka thelathini na sita. Mama hakucheka. Kumbe kule makao ya kaunti kuna masomo ya watu wazima, mara mbili kwa juma, na mke wa mchungaji huenda mjini siku hizo hizo kwa gari lake. Mama alimwita aje anywe kahawa, akamwomba mwenyewe. Wote wawili walikuwa na adabu nyingi. Nimekwishakwenda mara mbili. Nakaa mbele kwa sababu nyuma kuna wavulana wa mgodini wanaopiga kelele. Juma lililopita mwalimu alituandikia neno ubaoni akauliza nani analijua, na mkono wangu ulipanda kabla sijauambia.

Utasema nakuiga. Nakuiga. Ninapotembea kurudi kutoka garini najikuta nasema maneno kwa sauti, halafu najiuliza wewe uko ukurasa gani sasa, na napata hasira kwamba umenitangulia kwa miaka mingi, na kwamba sitakufikia. Sidhani itaniisha upesi. Huenda isiishe.

Kuhusu tiketi, usiirudishe. Basi linafika njia panda saa kumi jioni na mtu atakuwepo kukubebea sanduku. Mama ameanza kumnenepesha kuku. Nimekutandikia kile kitanda cha dirishani, na mimi nitalala na Mama.

Ukifika ukanikuta mlangoni nimenuna, usisimame hapo nje kuniuliza kuna nini. Nisogeze kidogo, uingie.

Dada yako,
Drema